Ukomo wa kodi ya majengo: California waliuweka mwaka 1978, na sisi Dodoma tuuombe?

Mwana_Ntyuka

Wakuu, habari za jioni.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Dodoma, kwa hiyo nyumba za watu ndizo zinazonilisha. Naomba mnisaidie jambo ambalo limetugawa nyumbani.

Shemeji yangu anaishi Sacramento, makao makuu ya jimbo la California. Amenunua nyumba si muda mrefu. Jirani yake ni bibi mmoja aliyenunua ya kwake miaka ya themanini. Nyumba zenyewe ramani ni moja na uwanja ni ule ule, lakini kodi anayolipa yule bibi haifiki hata robo ya anayolipa shemeji. Alipouliza akaambiwa hiyo ndiyo Proposition 13, kura ambayo wananchi waliipiga mwaka 1978. Inasema kodi ya nyumba isizidi asilimia 1 ya thamani, na thamani inayoandikwa kwenye daftari isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba itakapouzwa. Ikishauzwa, mnunuzi anaanza na bei ya soko.

Mjomba wangu ana nyumba za kupangisha pale Chang'ombe. Aliposoma hayo kwenye kundi la familia akasema hicho ndicho tunachokitaka. Bunge liko hapa hapa, tuwaambie wabunge waifunge kodi ya majengo kwa sheria isipande tena. Anakumbusha kwamba mwaka 2021 LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ilianza kukata kodi hiyo shilingi 1,000 kwa mwezi, Julai 2023 ikawa 1,500, na hakuna anayejua itafika wapi. Kwake yeye, mwekezaji akiona kodi imefungwa atakuja kujenga. Dada yangu ni mwalimu na hakubali kabisa. Anasema mji ukijifunga mikono hautajenga madarasa wala mitaro.

Swali langu ni hili. California wameishi na ukomo huo tangu 1978. Uliwajenga au uliwaumiza? Na mji kama wetu, ambao ndiyo kwanza unajengwa, ukiweka ukomo utavuta watu au utajibana wenyewe? Nataka jibu la mtu anayejua mambo haya, siasa tuziweke pembeni.

Naomba kuwasilisha.

MamaVyumba

Mwana Ntyuka, mimi nasimama na mjomba wako.

Nina nyumba Nkuhungu, vyumba vimezunguka uwa mmoja. Niliijenga kwa fedha ya alizeti, msimu hadi msimu, tofali hadi tofali. Mita za umeme ni zaidi ya moja kwa sababu wapangaji hawakubali kuchangia mita. Makato yalipoanza Agosti 2021, kila mita ilikatwa 1,000 wakati jengo ni moja. Wapangaji wakanijia mlangoni na simu zao wakinionyesha ujumbe wa tokeni: mama, tumenunua umeme wa 5,000, mbona imeingia ya 4,000? Walikuwa na haki, maana kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Nikawapunguzia kwenye kodi ya chumba. Kwenda kurekebisha ili nyumba ihesabiwe moja, nikazungushwa dirisha hili na lile, kila dirisha linasema kazi hiyo ni ya jirani yake.

Sasa 1,500 yenyewe haijaniua. Kinachonisumbua ni kutojua. Kila Juni bajeti inaposomwa hapo bungeni nakaa na redio kusikiliza kama wameniongezea. Mtu anayeishi kwa kodi za vyumba anapanga: paa linalovuja, choo kikijaa, ada Januari. Hawezi kupanga na kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukibadilisha kwa sentensi moja.

Na yule bibi wa Sacramento namwelewa kabisa. Nyumba kupanda thamani hakumwongezei mtu pesa mfukoni. Ukimtoza kwa thamani iliyopanda, unamtoza kwa kitu ambacho hajakiuza na hataki kukiuza.

Mthamini_Mstaafu

Mwana Ntyuka na Mama Vyumba, nawasalimu nyote. Nimefanya kazi ya kuthamini majengo na ardhi miaka yangu yote ya utumishi, sehemu kubwa hapa Dodoma. Sasa nimestaafu, nafuga kuku huko Mkonze. Nitaandika kirefu, mnivumilie, maana jambo hili nimelibeba moyoni muda mrefu.

Nianze na California, na nianze na alichosema Mama Vyumba, kwa sababu ndiyo hoja iliyowashinda wanasiasa wa kule. Miaka ya sabini bei za nyumba California zilipanda kwa kasi, na wathamini wa kaunti walikuwa wanazifuata karibu karibu. Mzee aliyestaafu, ambaye pensheni yake haikuongezeka, alipokea bili ya kodi iliyoongezeka sana ndani ya miaka michache. Wakati huo huo hazina ya jimbo ilikuwa na ziada ya mabilioni ya dola. Watu wakaona serikali imeshiba na wao wanauza nyumba. Wakatokea wanaharakati wawili, Howard Jarvis na Paul Gann, wakakusanya saini, na tarehe 6 Juni 1978 karibu theluthi mbili ya wapiga kura wakapitisha. Sioni haja ya kuwalaumu. Walibanwa, na waliokuwa na madaraka ya kuwalegezea walichelewa.

Yaliyofuata ndiyo yanayojibu swali la Mwana Ntyuka. Mapato ya kodi za majengo yalipungua kwa zaidi ya nusu mara moja. Shule, zimamoto na maktaba zilikuwa zinaitegemea kodi hiyo. Jimbo likachukua ile ziada yake likaziba pengo, na lilipoanza kulipa likaanza pia kuamua. Kodi ya nyumba iliyobaki, nani apate kiasi gani, ikawa inapangwa Sacramento. Miji iliyokuwa inajiamulia ikawa inasubiri mgao. Watu walidhani wameinyang'anya serikali fedha, kumbe walichokiondoa mtaani ni uamuzi, ukaenda mbali zaidi nao.

Halafu miji ikatafuta fedha pengine. Kule miji hupata sehemu ya kodi ya mauzo, kwa hiyo diwani akiletewa ombi la eneo tupu, moja nyumba 200, jingine maduka makubwa na uwanja wa kuuzia magari, anaona maduka yanaingiza na nyumba zinatumia. Na nyumba zinapojengwa, mjenzi anatozwa ada nyingi mwanzoni: ya barabara, ya shule, ya maji taka. Ada hizo anazibeba mnunuzi mpya. Yaani kijana anayeingia leo ndiye anayelipia kile ambacho wa zamani hawakilipi.

Mwanamke mmoja wa Los Angeles, Nordlinger, alinunua nyumba mwaka 1988 akakuta analipa karibu mara tano ya majirani wenye nyumba kama yake. Alishtaki hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1992 akashindwa kwa majaji wanane dhidi ya mmoja. Mwaka 2003 tajiri Warren Buffett alitoa mfano wake mwenyewe. Nyumba yake ya Omaha, jimbo la Nebraska, ilikuwa na thamani ya kama dola 500,000 na aliilipia zaidi ya dola 14,000. Nyumba yake ya California ilikuwa na thamani ya kama dola milioni 4 na aliilipia dola 2,264. Hapo mnaona kwamba ukomo uliotungwa kwa ajili ya bibi mstaafu ulimfikia na yeye, kwa sababu haukuuliza ni nani anaishi ndani. Viwanja vya makampuni navyo vilimo humo humo. Mwaka 2020 walipiga kura kuvitoa, Proposition 15, ikashindwa kwa tofauti ndogo.

Sasa tuje nyumbani, na hapa ndipo ninapotaka mjomba wa Mwana Ntyuka anisikie. Anaomba ukomo. Ukomo tayari anao, tena mkali kuliko wa California.

Kabla ya 2018, jengo lililothaminiwa lilitozwa asilimia ya thamani yake. Mwaka huo kikaja kiwango kimoja: 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na mijini 50,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Tangu Julai 2023 ni 18,000 kwa nyumba ya kawaida na 90,000 kwa sakafu, inakatwa kidogo kidogo kwenye LUKU. Thamani haiingii popote. Chukua nyumba ya Chang'ombe, tofali za kuchoma, bati limeshikwa na mawe, tuseme milioni 12. Inalipa 18,000. Chukua ya Mlimwa, haina ghorofa lakini ina vyumba vitano, vigae, kisima, uzio wa umeme, tuseme milioni 400. Inalipa 18,000 ile ile. Kwa wa Chang'ombe hiyo ni asilimia 0.15 ya mali yake. Kwa wa Mlimwa ni asilimia 0.0045. Mwenye kidogo ametozwa zaidi ya mara 30 ya mwenye kingi, na kwa asilimia 1 ya California yule wa Mlimwa angelipa milioni 4.

Sisemi tumtoze milioni 4. Hiyo ingemhamisha mtu kwenye nyumba yake, na mishahara yetu tunaijua. Nasema tu kwamba California walifunga mlango wakaacha nafasi ya asilimia 2. Sisi tumeufunga wote. Na huo uamuzi nao ulisogea mbali na mtaa: mwaka 2016 ukusanyaji ulitoka halmashauri ukaenda Mamlaka ya Mapato, TRA. Wakati ule ofisini tulikuwa na daftari la uthamini, jengo kwa jengo, tulilolipima kwa miguu na futi kamba, mbwa wa watu wakitukimbiza. Kiwango kimoja kilipoingia, hakuna aliyelihitaji tena. Nasikitika hadi leo, kwa sababu daftari lile lilikuwa picha ya mji.

Mnajua Dodoma iliishi na nini badala ya kodi ya majengo? Viwanja. CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ilianzishwa mwaka 1973, ikavunjwa Mei 2017, kazi zake zikaenda halmashauri, hati za miaka 33 zikawa za miaka 99, na upimaji ukaenda kwa kasi. Fedha za viwanja zilifanya mambo yanayoonekana, sitazibeza. Lakini kiwanja kinauzwa mara moja. Nyumba itakayojengwa juu yake itahitaji taka zake zibebwe, mtaro uzibuliwe, barabara ichongwe kila baada ya mvua, miaka 50 mfululizo. Mapato ya mara moja yakilipia matumizi ya kila mwaka, siku viwanja vya karibu vikiisha mji utapata shida, na kijana anayenunua sasa hivi ndiye atakayekuwa amelipia sehemu kubwa.

Kijana_wa_Iyumbu

Shikamoo mzee. Umenigusa, kwa sababu huyo kijana ni mimi.

Nilinunua kiwanja Iyumbu, nikalipa gharama za upimaji, hati, kila kitu. Nimejenga, nimehamia. Viwanja vilivyonizunguka vina bikoni tu na miiba, mbuzi wanalisha humo. Wenyewe wako Dar na kwingine, wanasubiri bei. Bomba la maji nimelivuta kutoka mbali kwa gharama yangu, likapita mbele ya viwanja vyao, na nina uhakika limewaongezea bei. Kodi ya jengo nalipa mimi kwa sababu nina LUKU. Wao hawana jengo wala mita, kwa hiyo haiwagusi. Wana kodi ya pango la ardhi tu, na hiyo hata mimi nalipa.

Lakini mzee, niruhusu nikubishie kidogo. Umeeleza California kana kwamba imeharibika. Kwa takwimu za 2024, jimbo lile lingekuwa nchi lingekuwa la nne kwa uchumi duniani, limeipita hata Japani. Wamekuwa na ukomo huo muda wote. Sasa umewaumiza wapi? Au ndiyo kusema ukomo hauna uhusiano na uchumi?

Na jambo la pili. Naona watu wanatoka California wanahamia Texas. Texas kodi ya mapato ya jimbo hakuna. Nilidhani wanakimbia kodi.

Mthamini_Mstaafu

Marahaba kijana wangu, na hongera kwa kujenga.

Hoja yako ni nzito, nami nakubali nusu yake. Ukomo haukuua uchumi wa California. Vyuo vikuu vilikuwepo, bandari, filamu, kompyuta, mashamba ya bonde la kati. Anayekwambia Proposition 13 iliiangusha California anakudanganya, na anayekwambia ndiyo iliyoikuza naye anakudanganya. Ulichofanya ukomo ni kubadilisha ni nani anafaidi ukuaji na ni nani anaulipia. Aliyekuwa na nyumba mwaka 1978 alikaa juu ya mali inayopanda, kodi yake ikibaki chini, na akawa hana sababu ya kuuza hata watoto wakiondoka na vyumba vikibaki vitupu. Nesi au fundi bomba anayeingia leo hapati nyumba. Nikuongezee kwamba bei za kule zina sababu nyingine pia: sheria za matumizi ya ardhi zinazozuia kujenga kwa wingi. Sitaki kuubebesha ukomo mzigo wote.

Kuna na hili la hazina. Kwa kuwa kodi ya nyumba ilibanwa, jimbo likaegemea kodi ya mapato, hasa ya watu matajiri na faida za hisa. Mwaka mzuri fedha zinafurika, mwaka mbaya zinakauka. Julai 2009 California ilifikia kuwalipa watu kwa hati za ahadi badala ya fedha. Kodi ya majengo uzuri wake ni kwamba jengo halikimbii wala halipotezi kazi.

Kuhusu Texas umeona nusu. Ni kweli haina kodi ya mapato ya jimbo. Ila kodi ya nyumba yake ni miongoni mwa kubwa nchini Marekani, na wanaihesabu kwa thamani. Watu wanaohamia kule wengi wao wanakwenda kwenye nyumba wanayoweza kuinunua, na kodi hiyo kubwa wanaikuta huko. Wenyeji wanailalamikia sana, sitawaficha. Kodi hii hakuna mahali inapopendwa. Lakini hata North Dakota, walipoulizwa Novemba 2024 kama waifute kabisa, wengi walisema hapana.

Mji wetu unalinganishwa na California mahali pamoja tu, napo ndipo pa kuangalia. Tazama serikali imeweka nini hapa: Mji wa Serikali Mtumba, treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma 2024, uwanja wa ndege Msalato, barabara ya mzunguko ya kilomita 112. Kila kimoja kimepandisha bei ya ardhi inayokizunguka. Waliolipa ni walipakodi wa nchi nzima, hadi wa Kigoma na Lindi. Waliopata ni wenye viwanja jirani, pamoja na hao wenye mbuzi wanaokuzunguka, ambao hawajaweka hata jiwe. Hati inakuwa na sharti la kuendeleza kiwanja ndani ya muda, lakini kulisimamia ni kazi ya kukimbizana na watu. Kodi inayofuata thamani ya ardhi ingefanya kazi hiyo bila kukimbizana na mtu. Angeona mwenyewe kwamba kukaa bila kujenga kunamgharimu, akajenga au akauza.

MamaVyumba

Mzee wangu, nimekusoma neno kwa neno. Hesabu yako ya Chang'ombe na Mlimwa imeniuma, kwa sababu mimi niko upande wa Chang'ombe na sikuwahi kuipiga.

Ila hujanijibu. Ukirudisha uthamini, nani atanizuia nisipandishiwe? Nkuhungu ilikuwa pembeni, leo daladala zinapita mlangoni. Ukija na futi kamba yako utaandika nyumba yangu milioni ngapi? Na mama yangu mzazi, ana zaidi ya miaka 60. Sheria inamsamehe nyumba moja anayoishi, lakini LUKU iliendelea kumkata mpaka tulipojaza fomu, na mwenyewe asingeweza kuzijaza peke yake. Sasa kama msamaha ulioandikwa unapotea njiani, mimi nitaamini vipi asilimia itakayoandikwa?

Mthamini_Mstaafu

Mama, una haki ya kuuliza, na sipingi ukomo. Napinga ukomo uliowekwa mahali pabaya.

Angalia Massachusetts. Mwaka 1980, miaka miwili tu baada ya California, nao walipiga kura yao. Lakini wao hawakuifunga nyumba ya mtu mmoja mmoja. Walifunga mfuko wa mji mzima: jumla ya kodi ya majengo ya mji isiongezeke zaidi ya asilimia 2.5 kwa mwaka, mbali na majengo mapya. Ndani ya mfuko huo nyumba zinathaminiwa kwa bei ya soko, kwa hiyo majirani wenye nyumba sawa wanalipa sawa, awe alinunua jana au zamani. Bei za mji mzima zikipanda kwa pamoja, bili yako hairuki nazo, kwa sababu mfuko haujaongezeka. Na kubwa zaidi, mji ukitaka shule mpya, unawauliza wakazi wake kwa kura: mnakubali tuvuke ukomo kwa ajili ya hili? Kuna miji inakubali, kuna inayokataa. Halmashauri inalazimika kuja kueleza fedha zitafanya nini. Ingekuwa hapa, ningependa kumwona mtendaji wa mtaa akisimama Nkuhungu na kusema: tukiongeza hiki, mtaro wa barabara hii utajengwa mwaka huu, na ninyi mkamhesabia.

Indiana wao mwaka 2010 waliandika kwenye katiba ya jimbo: nyumba unayoishi isizidi asilimia 1 ya thamani, ya kupangisha asilimia 2, ya biashara asilimia 3. Sipendi asilimia zao, ni kubwa mno kwetu, lakini napenda kwamba waliuliza jengo linatumikaje. Mama anayeishi ndani na kampuni ya ghorofa saba hawakuwekwa kapu moja.

Kuhusu msamaha wa mama yako, hapo sina cha kutetea. Mtu wa umri huo asingepaswa kujaza kitu. Tarehe ya kuzaliwa iko kwenye kitambulisho cha taifa.

Mwana_Ntyuka

Nawashukuru sana, mzee, mama, na ndugu wa Iyumbu. Nimechukua maelezo nikayapeleka kwenye kundi la familia. Mjomba amenyamaza kwenye ile hesabu ya 18,000, halafu akasema basi wamwongezee wa Mlimwa, yeye wamwache. Dada anasema hata hivyo ni hatua.

Kitu kimoja kimenigusa kama mwenye duka. Wateja wangu wakubwa wa saruji na nondo miaka hii wamekuwa watu wa viwanja vipya. Viwanja vikikaa bila kujengwa, mimi siuzi, fundi hachanganyi zege, na mama lishe anayewapikia mafundi hawezi kufungua. Nilikuwa naona kodi ni adui wa ujenzi. Hii ya kumtoza anayekalia ardhi tupu sikuwahi kuisikia ikielezwa hivi.

Mzee, swali la mwisho. Uthamini wa mji mzima unawezekana kweli? Dodoma imekuwa kubwa, imetapakaa hadi Nala na Ihumwa. Wathamini watatoka wapi wa kupita kila nyumba?

Mthamini_Mstaafu

Hawapiti kila nyumba. Hiyo ilikuwa enzi yangu. Mji unagawanywa kanda, kila kanda ardhi yake inafanana bei. Ukubwa wa paa unapimwa kwenye picha za anga. Jengo linapewa daraja kwa vitu vichache: ukuta wa nini, paa la nini, sakafu ngapi, lina maji au halina. Kijana wa mtaa mwenye simu, akifundishwa vizuri, anaweza kuijaza taarifa hiyo. Mthamini anakagua mfano wa nyumba chache kila kanda na kusikiliza mapingamizi. Thamani inakuwa ya kukadiria, na inatosha, kwa sababu huhitaji kujua kama nyumba ni milioni 41 au 43. Unahitaji kutomwandika mwenye milioni 12 pamoja na mwenye milioni 400.

Daftari libandikwe ofisi ya mtaa kila mtu alione, la kwake na la jirani. Tulikuwa tunabandika, na makosa mengi tuliyasahihisha kwa sababu watu walikuja kubishana.

MamaVyumba

Basi mzee, niweke hivi. Asilimia na ule ukomo wa mfuko wa mji viandikwe kwenye sheria kwanza, na msamaha wa wazee ujifanye wenyewe bila fomu. Vikishatoka kwenye gazeti la serikali nikavisoma kwa macho yangu, mlete huyo kijana na simu yake, nitamfungulia geti na kumwonyesha hadi choo. Kabla ya hapo nabaki na 1,500 yangu.

Kijana_wa_Iyumbu

Mimi wangeanza hata kesho, wakianzia na hivi viwanja vya miiba.